Uzito Mtupu

Kwenye dari ya chumba cha mama, Isevya,
kuna roketi.
Ubao wa futi nne kwa nane, juu ya kitanda chake,
pua imekatwa na msumeno kupisha waya wa taa,
na ubavuni, kwa herufi za stensili:
UZITO MTUPU TANI 14.
RUDISHA TABORA.

Kapalata, aliyeichora, alikuwa mpakaji rangi wa mabehewa.
Mchana karakana ya reli, namba na uzito;
jioni ukumbi wa Merali, mabango.
Mabondia aliwajua, wapanda farasi aliwajua,
wanawake wanaolia wameegemea nguzo
aliweza kuwachora usingizini.
Lakini masika ile, mwaka wa sitini na nane,
treni haikuleta picha ya kuigiza.
Ilikuja simu ya maandishi, maneno sita:
MOTO WA ZOHALI. WATU ANGANI. INATISHA.

Zohali ni kitu gani? akauliza.
Merali, akihesabu sarafu: Nyota yenye kofia.
Basi akaivisha kofia ya ukindu,
pana, kama za wachuma tumbaku wa Urambo.

Roketi hakuwahi kuiona.
Alijua kitu kimoja tu kingurumacho kikaenda mbali,
akaichora injini ya moshi, akaisimamisha kwa mkia,
ribiti moja moja,
kwa nyekundu ya shirika, debe moja na nusu
(shirika lilihesabu; walimkata mshahara miezi miwili),
na mkono, kwa mazoea, ukaandika uzito.
Mwezi akaupaka asali ya Sikonge, ile nyeusi.
Mwanamke wa angani, kichwa ndani ya chupa,
akampa mwanya wa mama yangu
aliyekata tiketi dirishani
na hakuombwa ruhusa.

Ijumaa wakaja. Ng'ambo, Cheyo, Kiloleni,
wengine kwa baiskeli toka Itetemia, watoto migongoni.

Taa zikazimwa.
Wazungu wanne ndani ya chumba, wakizungumza.
Roketi kama sufuria, na uzi wake unaonekana.
Rangi hakuna.
Mwanamke alikuwepo; alikuwa anachemsha kahawa.

Fundi cherehani mmoja, Ntabo, akasimama kwenye mwanga,
kivuli chake kikafunika dunia na sayari zake:
"Hii siyo. Leteni ile ya nje."
Na ukumbi mzima, kwa miguu: Ile ya nje! Ile ya nje!
Merali akaapa kwa mama yake kwamba mikebe ni hiyo hiyo.

Hakuna aliyedai pesa.
Hapa mama huinua kidole: hakuna.
Walitoka wakaketi barabarani mbele ya ubao,
karabai ikawashwa,
na Kapalata, aliyejificha choo cha nyuma akidhani atapigwa,
akaburutwa aje aseme kinachofuata.

Hakuwa msemaji.
"Wanaondoka," akasema. "Wanabeba maji na muhogo.
Wanapita Kaliua."
Akanyamaza.
"Halafu panakuwa mbali."

Sauti gizani: Na huyo mwenye mwanya, anarudi?

Kapalata akatazama dirisha la tiketi.
"Si imeandikwa ubavuni."

Mwaka uliofuata alihamishiwa reli ya Mpanda.
Ubao aliuleta kwetu usiku, kwa mkokoteni,
akasema utafaa kwa dari.
Yeye hakuwa na maandishi ubavuni.

Nimeleta fundi wa jipsamu mara mbili,
mara mbili mama amemrudishia mlangoni.
Mvua ikivuja, nyekundu ya shirika
inadondoka kwenye shuka,
tone, kisha kimya kirefu, kisha tone,
nami namwambia, mama, tusogeze basi hata kitanda.
Anajifanya amelala.